Mashati Saba ya Jumapili

Nisikilizeni, wenzangu, na mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto kwanza, maana kisa hiki hakisikilizwi nusu. Nusu yake ya kwanza inachekesha, na anayeondoka hapo huenda kuwaambia watu kwamba nilikuwa nafanya mzaha. Sifanyi mzaha.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, jua halijawa kali, na Mzee Herufi alikuwa amesimama juu ya kiti chake cha mbao akiandika bango kwenye ukuta wa duka la dawa. Jina lake halisi watu walishalisahau. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameandika maduka, saluni, mashule, hata milango ya vyoo vya stendi, na hakuwahi kutumia rula. Alichovya brashi, akashusha pumzi, na herufi ikatoka imenyooka. Wenye haraka walimwambia siku hizi kuna mashine inayochapa bango kwa dakika tano. Yeye alijibu kwamba mashine haimjui mwenye duka. Mwenye duka mkarimu yeye alimwandikia herufi nene, mchoyo alimwandikia nyembamba, na mpaka leo hakuna mchoyo aliyeshtuka.

Alikuwa amemaliza DUKA LA DA. Akaanza W. Mstari wa kwanza ulishuka sawa, wa pili haukupanda. Ulikwenda pembeni, ukateremka ukutani hadi usawa wa goti, na brashi ikaanguka. Mwenye duka alitoka kumuuliza hiyo ni herufi ya wapi, akamkuta mzee ameketi chini, mdomo umekwenda upande, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba mtu kauacha pale. Shukuru Mungu aliangukia mlangoni pa mtu anayezijua dalili. Mwenye duka hakumpaka mafuta, hakumwagia maji, hakuita watu wa kusema amerogwa. Alisimamisha gari la kwanza lililopita na kumkimbiza hospitali.

Kilikuwa kiharusi. Mzee alilazwa siku kumi na mbili, akanusurika. Mdomo ulirudi mahali pake, maneno yakarudi ingawa kwa kujiburuza. Mguu nao ulirudi kiasi cha kujikongoja na fimbo. Mambo marefu yalimchanganya. Ukimpa maagizo matatu alishika la kwanza na kulishikilia kwelikweli. Mkono wa kulia ndio uliolala.

Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kitandani kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, kucha kazikata hadi mwisho, sauti yake inasikika wodi nzima. Aliushika ule mkono, akamwambia mzee afumbe na kufumbua. Vidole viwili vilitikisika. Basi akawaita mke wa mzee na mwanawe wa pekee wasogee waone.

"Mkono huu haujafa," aliwaambia. "Umesahau. Na mkono uliosahau hufundishwa kama mtoto wa darasa la kwanza, kila siku, kidogo kidogo. Miezi mitatu, minne ya mwanzo ndiyo ya kuupigania. Mkiichezea hiyo, mimi sina dawa ya kuirudisha."

Mzee aliuliza swali moja tu, kama ataandika tena. Mtaalamu hakumdanganya. Alisema hawezi kuapa, lakini kwa vidole alivyoviona, yeye angeweka matumaini. Mzee alitikisa kichwa, na tangu hapo hakutaka kingine duniani.

Tatizo lilikuwa umbali. Kutoka kwao hadi hospitali ni nusu siku ya barabara, na mtaalamu huyo alikuwa peke yake kwa wilaya nzima. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake: wagonjwa hufanya mazoezi nyumbani, mtu wa nyumbani humrekodi mgonjwa kwa simu kila siku dakika mbili na kumtumia video, naye huangalia, hurekebisha, na kila Jumatano hupiga simu ya video wazungumze. Wagonjwa kadhaa walikuwa wamesimama kwa njia hiyo. Akauliza ni nani nyumbani kwa mzee mwenye simu nzuri na anayeijua vizuri. Mama mtu akacheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe aanguke, akamsukuma mwanawe mbele.

Huyo mwana mtaani walimwita Chaji. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kibanda cha kutengeneza simu mkabala na soko. Simu ilizama chooni, ilikanyagwa na lori, ilitafunwa na mbwa, Chaji alikwambia usubiri dakika kumi. Alikuwa mwerevu na alijijua. Lakini msianze kumhukumu. Muda wa kumhukumu utafika na mimi mwenyewe nitawaonyesha. Ndiye aliyembeba baba yake mgongoni kutoka wodini hadi garini, na njiani alikishikilia kichwa cha mzee kisigonge dirisha.

Wiki mbili za mwanzo alifanya kazi ya mwana. Alfajiri, kabla ya kwenda kibandani, aliketi na baba yake mezani. Walifuta meza kwa taulo, mkono wa kulia chini, wa kushoto juu ukiusaidia. Waliokota vifuniko vya chupa na kuviweka kikombeni. Alimnyoosha vidole kimoja kimoja alivyofundishwa, bila kuvivuta kwa nguvu. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Vidole vikawa vitatu. Mtaalamu alituma ujumbe wa sauti wa furaha mpaka mama mtu akaomba uchezwe mara tatu.

Wiki ya tatu, jamaa mmoja akafungua kibanda cha simu upande wa pili wa barabara, uso kwa uso na cha Chaji. Huyo bwana alikuwa mezani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wateja hawana udugu, wakaanza kuvuka. Chaji akaona nusu saa ya asubuhi inamtafuna. Akairuka siku moja. Kisha siku mbili. Mchana ujumbe ukaingia: "Video ya leo sijaiona. Kuna usalama?" Akaona aibu kama mwanafunzi aliyeulizwa daftari. Ilipotokea mara ya tatu, akili yake iliyozoea kutafuta njia za mkato ndani ya simu za watu ikamletea njia ya mkato.

Jumapili alimkalisha baba yake chumbani, akatandaza kitandani mashati saba.

"Tunakwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Hatuendi popote, Baba. Anza na hili la bluu."

Mmeshaelewa, naona wengine mnacheka. Chaji alirekodi video saba siku moja, kila moja na shati lake, ili atume moja kila asubuhi kuanzia Jumatatu. Na kwa ufundi! Kwa shati la kwanza pazia lilifungwa, kwa la pili likafunguliwa nusu. Kikombe cha mezani kikabadilishwa kikawa bilauri. Meza ikageuzwa. Wakati yeye anahangaika na pazia, mzee aliachwa avue na kuvaa peke yake. Basi alivaa kama wauguzi walivyomwonyesha: mkono mgonjwa kwanza, uingie kwenye mkono wa shati, uvutwe hadi begani, halafu mzima, halafu vifungo. Shati moja lilimchukua karibu dakika kumi. Jasho lilimtoka. Mama yake Chaji aliuliza kutoka nje wamo humo wanafanya nini, akajibiwa, mazoezi, Mama. Wala hakudanganywa.

Kwenye shati la kwanza vidole vilikuwa vizito. Kwenye la saba vilikuwa vimechangamka, na cha nne kikaanza kujaribu. Chaji hakujiuliza kwa nini. Alifurahi kwamba video zinapendeza.

Mpango ukaenda barabara. Kila asubuhi saa mbili, akiwa kibandani amebana bisibisi mdomoni, alituma video moja. Mtaalamu alijibu hongereni. Simu ya Jumatano aliipokea bila kamera na kusema mtandao wao ni wa kubahatisha. Fundi simu mzima, anasingizia mtandao! Mara moja tu yule mtaalamu aliuliza jambo lililomtisha. Alisema, mbona mzee Jumatatu huonekana mzito, halafu kufika Jumapili amekuwa mwepesi, na Jumatatu tena anaanza upya? Chaji alijibu bila kupepesa kwamba Jumapili jioni huwa anapumzika sana. Kisha akachanganya mpangilio wa video ili swali lisirudi.

Na siku nyingine sita za wiki? Hapo sasa. Mama mtu alimpenda mumewe, na mapenzi yake yalikuwa ya kumfanyia kila kitu. Alimlisha kwa kijiko. Alimvisha, alimfunga vifungo, alimwosha. Mzee akinyoosha mkono kushika kikombe, kikombe kilishafika mdomoni. Macho ya mama yalikuwa na ukungu, simu hakuijua, na mambo ya mazoezi alijua yana mwenyewe. Siku moja alimkumbusha mwanawe kwamba yule daktari alisema kila siku. Chaji alimwambia, "Mama, mambo ya simu niachie mimi." Mama akanyamaza, maana mtoto kasoma.

Mzee naye alikuwa na neno lake. Katikati ya wiki, Chaji akipita mlangoni na funguo mkononi, alimuuliza, "Leo si siku ya mashati?" Chaji alimjibu bado, Baba, Jumapili. Mzee akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Jumapili alikuwa wa kwanza kuamka, ameketi ukingoni mwa kitanda, anangoja. Chaji aliona baba yake anazeeka na kupenda michezo.

Mwezi wa pili haujaisha, Chaji akapata nafasi ya kwenda mji mkubwa kujifunza kutengeneza aina mpya ya simu, wiki nne. Yule bwana wa upande wa pili hakuwa na ujuzi huo. Nafasi haiji mara mbili, alijiambia. Akapiga hesabu: wiki nne ni siku ishirini na nane. Mashati hayakutosha. Akaazima ya mjomba wake, akatoa na yake mwenyewe, mpaka na sare aliyoivaa shule. Walirekodi siku mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili. Ukweli ni kwamba ilikuwa ukatili, mzee wa watu alitetemeka kwa kuchoka, lakini hakukataa hata shati moja.

Jumapili alasiri, kwenye mashati ya mwisho, jambo likatokea. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilisogea kikakutana na cha shahada. Mzee alivitazama. Kisha, bila kuambiwa, akachukua brashi yake kutoka kwenye kopo dirishani, akaiweka kati ya vile vidole viwili, na kwenye kipande cha boksi akachora mistari miwili iliyoegemeana na mmoja wa kukata katikati. Ilikuwa A. Imepinda, inatetemeka, lakini ilikuwa A na kila mtu angeisoma. Mama mtu aliitwa, akaisogeza karibu na macho yake, akalia. Hata Chaji alifuta uso kwa kiwiko.

Hapa ndipo ninapomkasirikia, wenzangu. Mtu ameona kwa macho yake kwamba siku mbili za jasho zimefungua kidole kilicholala wiki nane. Angeuliza kwa nini. Angeahirisha safari. Angalau angemwambia mama yake, kila siku mpe mashati, mpe vikombe, muache ahangaike. Yeye aliiweka video ya A iwe ya mwisho, ya siku ya ishirini na nane, kama mlaji anayeficha kipande kinono chini ya wali. Asubuhi yake akaondoka.

Siku ishirini na saba. Kila asubuhi saa mbili, kutoka kwenye chumba cha kupanga mbali na kwao, video iliruka kwenda kwa mtaalamu, na mtaalamu aliona mzee anasonga mbele. Nyumbani hakuna aliyeugusa ule mkono isipokuwa kuuosha. Misuli iliyochangamshwa ghafla kisha ikaachwa ilianza kukaza. Vidole vilianza kujikunja kuelekea kiganjani. Wiki ya pili mama alimwomba jirani ampigie mwanawe, akamwambia kwamba mkono wa baba yake umekuwa mgumu na akiufungua kumwosha, mzee analia. Chaji alikuwa darasani, kainamia simu iliyofunguliwa tumbo. Alisema jambo ambalo mpaka kesho linamla.

"Usiuguse basi, Mama, usije ukauharibu. Nikirudi nitauangalia mwenyewe."

Mama akatii. Akaufunika kwa kitambaa cha joto, akaulaza juu ya tumbo la mumewe, na hakuufungua tena.

Chaji alirudi na cheti. Asubuhi ya pili yake alituma video ya A, ya mwisho. Robo saa haikupita, simu ikalia. Mtaalamu alikuwa hajiwezi kwa furaha. Alisema ameitazama mara nne na kuwaonyesha wenzake, na gari la hospitali lipo, Ijumaa anakuja mwenyewe. Anataka kumpiga picha mzee akiandika, awaonyeshe watu wa nyumba nyingine wanaokata tamaa. Chaji akasema mzee huenda akasafiri. Akasema njia ni mbaya. Mtaalamu alicheka tu, akasema njia mbaya kwake ni mazoezi.

Ndipo Chaji akaingia chumbani na kukifunua kile kitambaa. Hakuuona mkono, aliona ngumi. Siku zote zilizobaki alihangaika nayo kwa maji ya moto na mafuta. Alipojaribu kuinua kidole kimoja, baba yake alipiga ukelele uliomtoa mama jikoni. Kidole kilirudi mahali pake.

Ijumaa mtaalamu aliingia akitabasamu, amebeba boksi la kadibodi na chupa ya rangi nyeusi. Mzee alikuwa amekaa kitini, amenyolewa ndevu, kitambaa juu ya mkono. Mtaalamu alimsalimia, akapiga goti mbele yake, akakitoa kitambaa. Harufu ilimfikia kabla ya kitu kingine. Kucha zilikuwa zimeota ndani ya kiganja, na ngozi chini yake ilikuwa mbichi. Aliigusa ngumi kwa ncha za vidole vyake pande zote, taratibu, na tabasamu likamwisha.

"Mzee, imekuwaje?" aliuliza kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakuwa na sauti ya chini.

Mzee Herufi alidhani anaulizwa kuhusu bidii yake. Akajikusanya, akajibu neno moja moja.

"Mashati nimevaa yote, daktari. Mwanangu alinisimamia. Hata moja sikuliacha. Lakini mwezi huu hakuja mtu na mashati. Nikasubiri."

"Mashati gani?"

"Ya dawa. Yale ya Jumapili."

Mama alimgeukia mwanawe, kwa macho yake yenye ukungu, akimtafuta uso. Mtaalamu alitoa simu yake, akaanza kupitisha zile video kwa kidole, moja baada ya nyingine, bluu, nyeupe, ya mistari, sare ya shule. Hakuhitaji kuelezwa, lakini alimtaka Chaji aseme mwenyewe, na Chaji akasema, mbele ya baba yake na mama yake, yote, hadi pazia na bilauri. Mzee alisikiliza. Sijui alielewa kiasi gani. Aliuangalia mkono wake muda mrefu.

"Unajua kuvaa shati kwa mkono uliopooza ni nini?" mtaalamu alisema. "Ni bega, kiwiko, vidole na akili, vyote pamoja. Ni zoezi kubwa kuliko yote niliyowapa. Baba yako alikuwa anapona kwa uongo wako, siku moja kwa wiki. Angevaa shati moja tu kila asubuhi, bila simu, bila mimi, leo angekuwa anaandika."

Mtaalamu alikaa kitako sakafuni, kisha akasema kwamba naye ana lake. Ana wagonjwa arobaini na sita ndani ya simu moja. Siku ile alipoona mzee anarudi nyuma kila Jumatatu, kitu kilimwambia apande gari, lakini mtu akitaka sana habari njema haulizi maswali mengi. Alisema hivyo, akaomba maji ya vuguvugu na mkasi mdogo wa kucha, akaanza kazi.

Walimrudisha mzee hospitali wiki iliyofuata. Daktari wa upasuaji alieleza kwamba kano, zile kamba zinazovuta vidole, zimefupika, na watazikata kidogo ili kiganja kifunguke, kioshwe na kisioze. Chaji aliuliza kuhusu kuandika. Daktari alimtazama kama mtu ambaye hajaelewa alichoulizwa, akarudia: ili kiganja kioshwe.

Kabla ya upasuaji kulikuwa na fomu ya kukubali. Karani, dada wa watu asiye na ubaya wowote, aliiweka mezani, akamwona mzee hawezi kalamu, akavuta kisanduku cha wino wa dole gumba kama anavyofanya kwa wasiojua kusoma. Akautafuta mkono wa kulia. Dole gumba lilikuwa limefungiwa ndani ya ngumi, halitoki. Akasema la kushoto litatosha, akalishika mwenyewe, akalibonyeza kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi.

Mzee Herufi alikitazama kile kidoa cheusi.

"Najua kuandika, mwanangu," alimwambia karani.

"Najua, mzee," karani alijibu kwa upole ule wanaopewa wazee wote, akamfuta kidole kwa pamba na kuita anayefuata.

Chaji alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alitaka kumwambia yule dada kwamba mji mzima unasomeka kwa mkono wa mtu huyu. Alifungua mdomo, akaona atalazimika kueleza na yaliyobaki, akaufunga. Akakisukuma kiti cha magurudumu, wakatoka.

FUNDISHO

Wenzangu, kiharusi hakikuumaliza mkono wa Mzee Herufi. Kiliukuta, kikauangusha, na mwenye duka la dawa, hospitali na yule mama wa mazoezi wakauokota. Uliyeyukia nyumbani, kati ya watu wanaompenda.

Tiba siku hizi inaweza kukufikia kwa simu, na ni neema kubwa kwa sisi tuliokaa mbali. Lakini aliye upande wa pili haoni nyumba yako. Anaona ulichomwonyesha. Ukimwonyesha uongo, atautibu uongo, na mgonjwa wako atabaki kitini anasubiri. Daktari wa mbali hawezi kudanganywa peke yake. Anayedanganywa hasa ni yule aliyelala chumba cha pili. Ikikushinda, sema imekushinda. Sema leo sikufanya. Aibu ya ujumbe mmoja inapita kabla ya chai.

Na ninyi akina mama, akina dada, waume na wake wenye huruma: msimlishe anayeweza kujilisha, hata akimwaga. Muacheni ahangaike na kifungo. Shati linalovaliwa kwa dakika kumi lina dawa kuliko linalovaliwa kwa dakika moja. Mgonjwa akiwa na uchungu mkononi, usikubali kuambiwa na mtu asiye na ujuzi kwamba usiuguse. Piga simu, uliza mwenye kazi yake.

Msiseme mambo ya simu yana mwenyewe, nanyi mkanyamaza. Kila mtu wa nyumba aijue namba ya mtaalamu, hata asiyeona vizuri. Kupiga namba moja atafundishwa. Kama mama yule angekuwa na namba ile, wiki ya pili ya mwezi wa safari ilikuwa bado mapema.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu angalau hukua akakusaidia. Majuto ya Chaji hayakui. Bado ni fundi, bado hakuna simu inayomshinda. Kila asubuhi humvisha baba yake shati, mkono mgonjwa kwanza, kisha hukifungua kile kiganja taratibu, akakiosha, akakikausha. Anaifanya kazi hiyo vizuri sana sasa, lakini kwa kuandika haina faida tena.